Jua na Ngozi: Yale Tunayoyaamini Ambayo Si Kweli

Taja losheni ya kukinga jua katika soko la Mariakani au ufuoni kule Ngomeni na huenda jibu la kwanza likawa kicheko: hiyo ni ya watalii. Imani hiyo ina ukweli kiasi ndani yake, na ndiyo maana imedumu. Lakini ukweli huo umechanganywa na mengi yasiyo ya kweli, na wanaoumia zaidi ni majirani zetu wenye ualbino. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 9,729 wenye hali hiyo kote nchini.

Tuanze na ule ukweli. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, na melanini huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa za losheni. Wataalamu waliopima kinga hiyo walikadiria kuwa ngozi nyeusi hujikinga kama aliyepaka losheni ya SPF 13 hivi, ilhali ngozi nyeupe hufikia kama 3 tu. Kwa hiyo saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwa mtu mweusi, na hakuna haja ya kumwambia mama anayelima muhogo kule Ganze atumie pesa za unga kununua chupa. Kofia pana na mapumziko chini ya mwembe adhuhuri vitamfaa zaidi.

Hata hivyo, melanini ya ngozi haiyafuniki macho. Jua la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho, na wavuvi wako hatarini zaidi kwa sababu maji huakisi miale. Pia ipo saratani ya ngozi ambayo haisababishwi na jua. Melanoma inapompata mtu mweusi, mara nyingi hutokea kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha. Ndiyo iliyomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, na ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Ukiona mstari mweusi mpya kwenye ukucha, au kidonda cha wayo kisichopona, nenda hospitali.

Kwa mtu mwenye ualbino hesabu ni tofauti kabisa. Ngozi yake haina melanini, au anayo kidogo sana. Dakika chache za jua la mchana zinatosha kuiunguza, na madhara hujilimbikiza tangu akiwa mtoto mchanga. Vidonda vinavyoweza kugeuka saratani huweza kuonekana angali kijana, hasa usoni, masikioni, shingoni na migongoni mwa mikono. Kidonda ambacho hakijapona kwa mwezi mmoja si cha kufungwa dawa ya majani na kusubiriwa. Kikionwa mapema, mara nyingi hutolewa kwa upasuaji mdogo. Kikicheleweshwa, kinaweza kuondoka na sikio, au na maisha.

Mzazi wa mtoto kama huyo hupewa ushauri mwingi na kila apitaye, na sehemu ya ushauri huo ni hatari.

Mara nyingi huambiwa kwamba jua likiwa na mawingu halina shida. Joto na miale ya UV ni vitu viwili. Kusi linapovuma na mwili ukahisi baridi, miale bado inashuka, na mawingu mepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge kipimo cha UV kinapofika 3, na hapa karibu na ikweta mchana huvuka kiwango hicho mwaka mzima. Kipimo rahisi unacho miguuni: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali kwa ngozi, hata kama husikii joto. Kwa kawaida ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.

Wengine husema mpake mafuta ya nazi. Hayo hulainisha ngozi, nasi wa Pwani hatutaacha kuyapenda, lakini hayazuii miale kwa kiwango cha kutegemewa. Mafuta mazito ya mgando nayo ni hivyo hivyo. Krimu za kung'arisha ngozi ndizo mbaya kupita zote. Zile zenye zebaki au hidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na zinapopunguza melanini huondoa hata ile kinga uliyozaliwa nayo.

Kosa jingine linatokana na kuiamini losheni kupita kiasi. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, na SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usivunje kibubu kwa ajili ya namba kubwa. Lakini namba hizo ni za mtu aliyepaka ya kutosha: vijiko saba vya chai kwa mwili wa mtu mzima, yaani kimoja usoni na shingoni, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja kifuani na tumboni, kimoja mgongoni. Kisha irudiwe kila baada ya saa mbili, au baada ya kuoga na kutoka jasho jingi. Piga hesabu: chupa ya mililita 100 haifikishi hata mipako mitatu kamili. Ikigawanywa kwa ndugu wote nyumbani kama mafuta ya kawaida, mwenye kuihitaji hubaki bila. Chupa hiyo ni dawa yake, na isiachwe juani wala kutumika baada ya muda wake kuisha.

Ndiyo maana nguo huja kwanza, losheni baadaye. Shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia ya pama yenye ukingo unaofunika masikio na shingo. Kofia ya chepeo huacha masikio wazi. Inua kitambaa kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya, miale pia inapenya. Losheni basi ibaki kwa uso, masikio, shingo na mikono, nayo chupa itadumu. Mtoto wa chini ya miezi sita afunikwe na kuwekwa kivulini. Usimpake losheni kabla ya kuzungumza na muuguzi. Mwavuli husaidia, ila mchanga mweupe wa ufuoni huakisi miale kutoka chini.

Walimu wakuu wana nafasi yao katika jambo hili. Mwanafunzi mwenye ualbino aruhusiwe kofia na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo, gwaride lifanyike chini ya mwarobaini, na dawati lake liwe karibu na ubao lakini mbali na dirisha lenye jua, kwa kuwa uoni wake pia huwa hafifu.

Losheni hutolewa bila malipo kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwa watu wenye ualbino waliosajiliwa, na huchukuliwa katika hospitali zilizoteuliwa. Usajili huanza kwa uchunguzi wa daktari katika hospitali ya umma. Nenda na kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa ikiwa ni mtoto, na umuulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akuelekeze hospitali iliyo karibu.