Mtandao Ukisuasua Nyumbani

Akina mama wengi wenye kompyuta nyumbani wana desturi moja: mtandao ukisuasua, hununua kifurushi kingine. Fedha ya mboga ya siku mbili inakwenda, na ule ukurasa bado unazunguka tu. Mzazi aliyewahi kumsaidia mwanawe kuomba mkopo wa elimu ya juu, ambao siku hizi huombwa kwa mtandao na una siku yake ya mwisho, anaujua uchungu huo.

Mama, kabla hujatoa fedha nyingine, chunguza ni nani anayekila kifurushi ulicho nacho. Katika miji kama Mwanhuzi kompyuta ya nyumbani mara nyingi hupata intaneti kutoka kwenye simu ya mkononi au ruta ndogo yenye laini, na mlango huo mmoja huingiwa na wengi. Ondoa simu zote, ibaki kompyuta peke yake, kisha fungua ukurasa uleule. Ukifunguka upesi, mlaji ni simu mojawapo: labda ya baba, inayopandisha picha zenyewe bila yeye kujua. Usimgombeze bure.

Usipofunguka, itazame kompyuta. Windows hujiletea programu mpya kimyakimya. Mzigo wa gigabaiti 1, kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa nzima, na muda wote huo fomu yako inasubiri nyuma yake. Katika Windows 10 na 11, kwenye mipangilio ya mtandao, iko swichi iliyoandikwa “Metered connection”. Ukiiwasha, sehemu kubwa ya mizigo hiyo hungoja. Lakini usiiache hivyo mwaka mzima, kwa maana programu hizo huziba matundu ambayo wezi hupitia. Chagua siku moja ya mwezi uziruhusu.

Bati nalo huzuia mawimbi. Ruta iliyofichwa nyuma ya kabati, chini ya paa la bati, husikia mnara kwa shida. Ipeleke dirishani, upande wa mnara kama unaujua. Jioni watu wengi hugawana mnara huohuo, kwa hiyo kazi nzito ifanye alfajiri, kabla ya kuwasha moto wa chai.

Pengine kosa haliko nyumbani kabisa. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na Uganda zikapata mtandao wa kusuasua. Siku kama hiyo hata ruta mpya haikusaidii. Muulize jirani anayetumia kampuni nyingine. Akikujibu kwamba kwake ni vilevile, fedha yako irudishe kwenye pochi.