Fahamu: Unachopaswa kujua kabla ya kuteleza kwenye theluji

Machi 2009, mwigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwa ski huko Mont Tremblant, Canada. Hakuwa na helmeti. Aliinuka akionekana mzima, lakini siku mbili baadaye alifariki kwa kuvuja damu kichwani. Desemba 2013, dereva wa zamani wa mbio za magari Michael Schumacher aligonga kichwa kwenye mwamba huko Méribel, Ufaransa. Yeye alivaa helmeti, ila alikuwa ametoka nje ya njia zilizowekewa alama.

Njia ipi inakufaa?

Katika milima ya Alps upande wa Ufaransa, rangi ndiyo mwongozo: kijani ni kwa wanaoanza, kisha buluu na nyekundu. Nyeusi waachie mabingwa.

Nani ampishe mwenzake?

Anayetoka juu ndiye humkwepa aliye chini yake, kwani wa chini hana macho kisogoni. Ukitaka kupumzika, simama ukingoni, si katikati ya njia.

Vipi kuhusu maporomoko ya theluji?

Ulaya hupima hatari kwa namba 1 hadi 5. Namba 3 isikudanganye kwa kuwa ya katikati. Wengi hufa siku za namba hiyo. Wanaotoka nje ya njia hubeba kifaa cha kunasa mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kupekulia theluji na koleo. Aliyefukiwa huwa na matumaini makubwa akifukuliwa ndani ya dakika 15.

Ukigonga kichwa?

Acha kuteleza, muone daktari hata kama huna maumivu. Namba ya dharura Ulaya ni 112.