Sekondari Msingi: Faida ya Shule za Kibinafsi Haiko Gredi ya 7

Mwenye shule ya kibinafsi nchini Kenya alikuwa amezoea kupokea karo ya mtoto mmoja kwa miaka 8. Chini ya mtaala wa umilisi (CBC) shule ya msingi inaishia Gredi ya 6. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na darasa la 8 likafutika pamoja nao. Robo ya mapato ilikuwa yaondoka hivi hivi.

Dawa ilikuwa kufungua sekondari msingi, yaani Gredi ya 7, 8 na 9. Serikali ilikuwa imeamua Desemba 2022 kwamba madarasa hayo yakae ndani ya shule za msingi, na Gredi ya 7 ya kwanza ikaanza Januari 2023. Anayefanikiwa kubaki na mtoto hadi Gredi ya 9 anapokea karo ya miaka 9 badala ya 6. Ndiyo maana katika miji mingi mafundi wa ujenzi wamekuwa wakiitwa kuongeza ghorofa juu ya madarasa ya zamani. Swali linalomhusu msomaji wa ukurasa huu, awe ni mshirika katika shule, mkopeshaji au muuzaji wa madawati, ni moja: upanuzi huu unalipa?

Tufanye hesabu ya mfano. Shule ina mkondo mmoja, karo ni Sh20,000 kwa muhula, yaani Sh60,000 kwa mwaka. Wamebaki wanafunzi 25 kutoka Gredi ya 6. Mapato ya Gredi ya 7 ni Sh1.5 milioni.

Sasa walimu. Katika madarasa ya chini mwalimu mmoja aweza kubeba karibu masomo yote. Sekondari msingi ina masomo 9, baada ya kupunguzwa mwaka 2024, na vipindi 40 kwa wiki. Mwalimu wa Hisabati hawezi kuombwa "ashikilie" Kiswahili na Kilimo pia, na sheria inataka awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Kwa masomo mawili kila mmoja, wanahitajika walimu 5. Wakilipwa Sh35,000 kwa mwezi, mishahara inafika Sh2.1 milioni kwa mwaka, kabla ya NSSF na ile asilimia 1.5 ya mwajiri kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Darasa limekula hasara ya Sh600,000 hata chaki haijanunuliwa.

Lakini walimu hao hao 5 watosha madarasa matatu. Vipindi 120 kugawa kwa 5 ni vipindi 24 kila mmoja, mzigo wa kawaida kabisa. Madarasa yote yakijaa watoto 25, mapato ni Sh4.5 milioni na mishahara haijabadilika. Kwa hiyo Gredi ya 7 ni gharama ya kuingilia sokoni, na fedha ziko Gredi ya 9.

Tuongeze mkopo wa Sh3 milioni kwa madarasa na maabara, riba asilimia 16, yaani Sh480,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza shule ina pengo la Sh1.08 milioni, wa pili inabaki na Sh420,000, wa tatu Sh1.92 milioni. Chakula na mafuta ya basi havimo humu. Mwenye shule avumilie miaka miwili, wa tatu atapumua.

Ila wakibaki watoto 15 badala ya 25, mambo ni mengine. Miaka miwili ya kwanza inameza Sh2.46 milioni, na mwaka wa tatu unarudisha Sh120,000 tu, deni lenyewe bado halijaguswa. Tofauti ya watoto 10 kwa darasa ndiyo yaamua kama benki itakuja kuuza kiwanja.

Na watoto hao hawana uhakika. Shule ya umma iliyo jirani hupokea mgao wa serikali, uliopangwa kuwa Sh15,042 kwa mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka. Ya kibinafsi haipati hata senti. Mzazi aliyebanwa humaliza Gredi ya 6 kwa heshima, kisha humhamisha mtoto. Zamani shule ilimzuia kwa bango la alama za wastani za KCPE. Mtihani wa KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, hutoa viwango vya ufaulu, na lile bango limepoteza nguvu. Kinachoisaidia shule kidogo ni kwamba asilimia 20 ya alama za kuingilia Gredi ya 10 hutokana na kazi za Gredi ya 7 na 8, na wazazi wengi huogopa kuhamisha mtoto katikati ya safari hiyo.

Anayeombwa kutia fedha katika upanuzi kama huu aombe kwanza daftari la mahudhurio, michoro ya jengo baadaye. Ahesabu walioketi Gredi ya 6 mwaka uliopita na walioonekana Gredi ya 7 Januari iliyofuata. Wakiwa chini ya nusu, hata kengele mpya isinunuliwe.

Wakubwa wamekwisha kuingia. Makini, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978, iliuzwa mwaka 2018 kwa ADvTECH, kampuni ya Afrika Kusini iliyo katika soko la hisa la Johannesburg, na mshirika wake Scholé. Wenye mifuko ya namna hiyo waweza kungoja Gredi ya 9 bila kukosa usingizi.

Kwa wauzaji wa sare, vitabu na nafaka, upanuzi ni biashara njema mradi wajue kalenda. Muhula wa tatu una wiki zipatazo 9 tu, na wazazi hulipa kwa kusitasita. Shule inayochukua maharagwe kwa mkopo mwezi Septemba huenda ikalipa Januari. Bei ya gunia ihesabu miezi hiyo minne.