Namba ya Simu Chini ya Tafakari: Mchango Huu ni wa Nani?



Ndugu msomaji, siku hizi tafakari ya masomo ya Dominika hutufikia kwa simu hata kabla hatujafika kanisani. Katekista hurekodi mafundisho, mwimbaji huweka wimbo wake mtandaoni, na chini yake huandikwa ombi la mchango pamoja na namba ya simu ya mtu binafsi. Wapo waamini wanaotuma kwa moyo mkunjufu. Wapo pia wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: fedha hii ni ya nani?

Kupokea zawadi si dhambi wala aibu. Mtume Paulo, aliyejipatia riziki kwa kushona mahema huko Korintho (Mdo 18:1-3), alipokea akiwa kifungoni msaada wa Wafilipi ulioletwa na Epafrodito, akawaandikia kukiri kwamba umemfikia (Flp 4:10-18). Hiyo ilikuwa zawadi kwake yeye mwenyewe. Lakini mchango wa watakatifu wa Yerusalemu aliushughulikia kwa namna nyingine kabisa: alimtuma Tito pamoja na ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili pasiwepo mtu wa kumlaumu (2Kor 8:16-23).

Sheria ya Kanisa inashika tofauti hiyohiyo. Kanuni ya 1265 inamkataza mtu binafsi kuomba michango kwa ajili ya taasisi au kusudi lolote la kidini au la Kanisa bila ruhusa ya maandishi ya mamlaka husika ya Kanisa. Kwa hiyo, anayetangaza namba yake mwenyewe kwa ajili ya ujenzi wa kigango, hata kama ana nia safi kabisa, amevuka mpaka. Nayo kanuni ya 1267 inaagiza kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Tuchukue mfano wa katekista aliyeomba msaada wa kununua kinasa sauti. Fedha ikaingia wiki ambayo nyumbani hakuna unga. Nani atamhukumu kwa kuwalisha watoto? Hata hivyo, mtoaji alidhani ananunua kinasa sauti. Makatekista wetu wengi hutumikia kwa posho ndogo mno, na jambo hilo linatuhusu sisi sote, si wao peke yao. Ingekuwa heri aseme wazi tangu mwanzo kwamba anaomba kwa mahitaji yake na ya familia yake. Atakayempa atakuwa amempa yeye, na unga hautakuwa na doa.

Kuhusu nia za Misa, jibu ni fupi: zisipitie namba ya katekista wala ya mwanakwaya. Nia na sadaka yake zipelekwe kwa padre au ofisi ya parokia, ambako huandikwa kitabuni. Kanuni ya 947 inataka hata sura tu ya biashara iepukwe katika jambo hili.

Na wewe unayetuma, tumia nafasi ndogo unayopewa na simu yako. Kabla muamala haujakamilika, mtandao hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Ikiwa tangazo linataja parokia na jina linalojitokeza ni la mtu usiyemjua, usithibitishe muamala. Piga kwanza simu ofisi ya parokia. Huenda ni mtunza hazina halali, lakini kuuliza si kumtuhumu.

Anayepokea naye atenge laini maalumu isiyochanganywa na fedha za biashara yake, aandike kila kinachoingia na kilichotumika, na amjulishe paroko kazi anayoifanya mtandaoni. Aliyekwisha kupokea bila kutaja kusudi asikate tamaa. Anaweza leo hii kubadilisha maneno yaliyo chini ya tafakari yake, akaandika kwamba mchango ni kwa ajili yake binafsi na si wa parokia, kisha akamwonyesha paroko orodha ya yale aliyokwisha kupokea.