CHEMSHA BONGO YA MBAO: DOGO KANIUMBUA!

Kama nyumbani kwenu kuna dogo wa miaka 14 anayefungua kila redio mpaka inagoma kuimba, usimchape. Mtafutie msumeno.

Mpwa wangu ndiye huyo. Alipofeli darasa la saba alijifungia chumbani, anasema kichwa chake ni cha kubebea ndoo tu. Siku ya tatu nikamburuza hadi Keko, Dar es Salaam, kwa mafundi samani, tukaomba masalia ya mbao. Nilitaka atengeneze fumbo alilobuni Piet Hein wa Denmark miaka ya 1930: vipande saba unavyovipanga vikawa mchemraba mmoja. Jina lake Soma, ingawa hakuna kitabu hapo!

Unatafuta ufito mkavu wa sentimita 2.5 kila upande, unakata dadu 27. Kwa hesabu za haraka sentimita 67.5 zinatosha. Uongo, msumeno nao unakula! Chukua mita nzima. Bana ufito kwa jiriwa, kata kwa msumeno wa mkono, vidole mbali. Mashine waachie mafundi.

Hapo ndipo nilipoboronga. Nilimwambia dogo, "Kata kwa macho tu." Dadu moja ikazidi milimita, nyingine ikapungua. Tulipozipanga tatu tatu, mapengo kama meno ya babu. Nikajua sasa atasusa. Wapi! Akanyamaza kidogo, kisha akapigilia vibao viwili mezani: kimoja ncha ya ufito igotee hapo, kingine kiongoze msumeno. Kuanzia hapo kila dadu pacha wa mwenzake. Mimi na kidato cha nne changu sikuliwaza hilo.

Sasa gundi. Kipande cha kwanza ni dadu tatu, L fupi. Vingine sita vina dadu nne nne. Vitatu ni vyepesi: L ndefu, T na Z. Vitatu vya mwisho ndiyo noma. Unda L fupi nyingine tatu, zilaze upande mmoja, kisha dadu ya nne ipande juu: ya kwanza kwenye kona, ya pili ncha ya kulia, ya tatu ncha ya kushoto. Acha vikauke usiku kucha, ndipo upige msasa, kidogo tu, maana ukizidisha mapengo yanarudi.

Kuna njia 240 za kuupanga mchemraba huo. Siku ya nne leo sijapata hata moja. Dogo anazo tatu, na kukataa kunionyesha kakataa.