Mzigo wa Mbele kwenye Baiskeli ya Safari

Anayefunga safari ya baiskeli na hema, jiko na chakula cha siku kadhaa aghalabu hurundika kila kitu kwenye keria ya nyuma. Kilima cha kwanza humwumbua. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unayumba, na akianza kuteremka kwa kasi fremu nzima inatetemeka. Wabeba mkaa wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri shida hiyo. Wengi wao mlimani hushuka na kusukuma.

Dawa ni kuhamishia sehemu ya mzigo mbele, lakini mahali pa kuuweka ndipo penye kazi. Katika miaka ya 1980 Jim Blackburn wa California, Marekani, alieneza keria ya chini: fito zilizopindwa, mmoja kila upande wa uma wa mbele, ili mkoba uning'inie usawa wa ekseli. Uma ukigeuka, mkoba unageuka nao. Mkoba ukiwa karibu na mhimili wa usukani, ni rahisi kuuzungusha na rahisi vilevile kuutuliza. Ukiwa mbali na mhimili huo, kila mtikisiko mdogo wa njia hukua mikononi mwa mwendeshaji.

Kabla ya kununua chochote, uma ukaguliwe. Uma wa chuma wa baiskeli ya safari huwa na matundu yenye meno ya boliti karibu na ekseli na mengine katikati ya miguu yake. Uma wenye shokapu unahitaji keria yake maalumu. Uma wa kaboni ambao mtengenezaji hakuukusudia kubeba keria usifungwe kitu kabisa, maana ukipasuka hautoi onyo.

Boliti nyingi ni za M5, zinazokazwa kwa spana ya L ya milimita 4. Zote zitiwe kwanza bila kukazwa, keria inyooshwe pande zote mbili, ndipo zikazwe kwa zamu, zikiwa zimepakwa gundi ya boliti ya buluu, ambayo bado hufunguka kwa spana. Urefu wa boliti ndio unaosahaulika: ncha ikitokeza upande wa ndani inaweza kukwaruza spoku au diski ya breki. Baada ya siku ya kwanza ya barabara ya vumbi, zikaguliwe tena.

Mikoba ya mbele huwa midogo. Jozi ya Ortlieb, kampuni ya Ujerumani iliyoanza 1982, hubeba lita 25, wakati jozi ya nyuma hubeba 40. Keria ya mbele iitwayo Tara, ya kampuni ya Tubus, imeruhusiwa kilo 15 kwa pande zote mbili. Ndoano za juu za mkoba lazima zilibane bomba la keria bila kucheza, na ile ya chini izuie mkoba usipepee kuelekea spoku. Mkanda unaoning'inia ukinaswa na gurudumu la mbele, baiskeli inasimama ghafla na mwendeshaji anarushwa juu ya usukani. Kwa hiyo kila ncha ichomekwe ndani, usukani ugeuzwe hadi mwisho kulia na kushoto, na gurudumu lizungushwe kwa mkono.

Uzito wa kulia na kushoto ulingane. Mchele na maji hupungua njiani lakini jiko halipungui, kwa hiyo kila asubuhi mikoba miwili inyanyuliwe pamoja, mmoja kila mkono, na vitu vihamishwe kabla ya kuondoka.