Mahali Patakatifu pa Meru na Embu

Watu wengi wapatapo likizo huelekea pwani, wakaupita Mlima Kenya kama wingu. Lakini upande wake wa mashariki, toka Embu hata Meru, ipo misitu midogo ambayo wazee waliikataza shoka, na mwenye kutoka asubuhi na mapema aweza kuzuru mahali pawili patatu kwa siku moja.

Karibu na Runyenjes upo msitu wa Mwenendega. Wazee wa Embu husimulia ya kuwa Mungu alimwumba Mwenendega, akampa mke mzuri kando ya mto, na Waembu ni uzao wao. Basi akataye mti pale ni kama akataye nguzo ya nyumba ya babu yake.

Juu ya mji wa Meru liko ziwa Nkunga, ndani ya shimo la volkano ya kale. Yasemekana humo mlikaa joka. Wataalamu waliochimba tope la chini yake wamesoma humo habari za mimea ya kale. Joka hawakulikuta, lakini naona hofu yake imelinda miti kuliko ukuta.

Huko Nchiru ndiko makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru. Ni mahali pa shauri na hukumu, si pa maonyesho. Mgeni haingii mpaka aombe ruhusa kwa wazee. Wameru husimulia kwamba babu zao walikimbia utumwa katika kisiwa cha Mbwaa, na wataalamu wengine hudhani ndicho Manda, karibu na Lamu. Kumbe hata aendaye pwani yumo katika njia ile ile!

Ama mapango ya mlimani, wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952. Asiende mtu peke yake: mlima ni hifadhi ya taifa tangu 1949, nyati na tembo wamo, na kuingia kuna ada.

Usichukue hata kijiti kikavu. Tena vaa viatu vigumu, kwa maana vijia huteleza sana Machi hata Mei, na Oktoba hata Desemba.